Siku 21 na nyota juu yake

Nimekaa na hili jambo tangu mwezi wa kumi na moja, kila nikitaka kuliandika naishia kufuta. Leo naliandika hivyo hivyo lilivyo. Mdogo wangu kanipa ruhusa, kasoma kwanza, na alichotaka kikatwe kimekatwa.

Alikuja Jumamosi kutoka Kibaha, anafundisha shule ya msingi kule. Tukakaa uani tunachambua mchele, mama yuko ndani na redio yake. Akaniambia dada hebu chukua simu yangu ujirushie zile picha za send-ofu, mikono yangu ina vumbi. Nikaichukua, na palepale ikaingia notifikesheni ya Kiingereza inampongeza kwamba siku 21 mfululizo hajakosa hata moja, pembeni kuna nyota inang'aa. Nikajua labda anajifunza lugha au anafanya mazoezi, nikabonyeza ili nimpongeze na mimi.

Ikafunguka kalenda, kumbe ni apu ya kuandika hisia zako za kila siku. Nyuso nyekundu, zile za mdomo umepinda chini, mstari kwa mstari, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Za njano zilikuwa chache tu, zote Jumapili. Chini ya tarehe moja kaandika “leo nimekaa chooni shuleni mpaka kengele ikalia”. Nyingine “sijala, sisikii njaa”. Nyingine neno moja, “nimechoka”, na siku ile nilirudi kwenye WhatsApp kuangalia, asubuhi yake nilikuwa nimemuuliza umeamkaje akanijibu “salama dada, nzuri tu”.

Siku 21 simu inajua. Mimi ndugu yake wa tumbo moja sijui, mama hajui, walimu wenzake hawajui, na hicho kilichokuwa kinajua kikampa nyota.

Nilikasirika na bado nimekasirika. Mtu anakuja kwako kila usiku anakwambia naumia, naumia, naumia, na wewe ulichohesabu ni kwamba amekuja. Hao waliotengeneza wangeweza kabisa kuweka kitu kidogo, ikifika siku ya saba au ya kumi ya uso mwekundu simu imuulize: kuna mtu umemwambia? Sio nyota jamani. Swali moja tu.

Ila sitaki mtu asome hapa aende akafute apu yake, kwa sababu bila ile apu mimi nisingejua mpaka leo, na hapo ndipo penye hoja yangu yote.

Hebu hesabu tangu umeamka leo umeulizwa hali mara ngapi. Habari za asubuhi, umeamkaje, za nyumbani, watoto hawajambo, za kazi, mambo vipi. Na hebu kumbuka umejibu nini. Nzuri, salama, poa, hatujambo, tunamshukuru Mungu. Majibu yameshapangwa kabla ya maswali. Ukienda msibani kabisa, jeneza liko sebuleni, utauliza habari za hapa na utajibiwa “nzuri, ila ndiyo hivyo, mzee katutoka”. Wote tunajua ukweli unakuja baada ya ile “ila”. Mimi naipenda hii adabu yetu, imetulea, unampa mtu nafasi ya kusimama vizuri kabla hajakupa habari mbaya. Tatizo ni kwamba siku hizi tunaulizana tukiwa tunapita. “Nzuri” inatoka, “ila” inabaki kooni, kwa sababu aliyeuliza ameshafika kona. Na kwenye WhatsApp ndiyo kabisa, umejibiwa “nzuri tu” unaweka emoji ya moyo unaendelea na mambo yako, kama nilivyofanya mimi.

Sasa hizi apu zinachofanya ni kuiomba ile “ila” peke yake. Haikuulizi watoto hawajambo. Inakuwekea nyuso tano, chagua mmoja, andika sababu ukitaka. Kwa mtu kama mdogo wangu ambaye tangu utotoni ndiye wa “usijali mimi niko sawa”, ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa bila jibu kupangwa. Kasema mwenyewe, “dada pale nilikuwa siogopi kumuumiza mtu.” Sentensi hiyo iliniuma na inaniuma.

Tulienda kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya mkoa wiki iliyofuata. Mama alikuwa anataka tumwombee kwanza, tukaomba, hakukosea, na asubuhi tukapanda gari. Nesi aliyetupokea ni mama mtu mzima mwenye miwani imefungwa na uzi, akamuuliza yale maswali 9 wanayoita PHQ-9, kwamba wiki mbili zilizopita ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo, mara ngapi usingizi umesumbua, mara ngapi umejiona huna maana, kila swali alama 0 mpaka 3. Na mdogo wangu, siku hiyo kalala vizuri, kapata chai, yuko na dada yake, akaanza: kawaida tu, mara chache, siku moja moja. Nikamwangalia. Hakuwa anadanganya, ukweli ni kwamba hakuna mtu anayekumbuka wiki mbili. Ukiwa umezama unaona hujawahi kuwa na siku nzuri hata moja, ukipata nafuu kidogo unaona ulikuwa unajidekeza. Nikamwambia mwonyeshe simu.

Yule nesi akaivuta karibu, akawa anapandisha na kidole gumba pole pole, anasoma, hasemi. Halafu akauliza, “Mwanangu, Jumatano kuna nini?”

Sisi wote wawili hatukuwa tumeona. Kila Jumatano uso ni ule wa mwisho kabisa, hakuna iliyokosa. Jumatano shuleni kwake kuna kikao, na kwenye kikao yule kiongozi wao alikuwa anasoma matokeo ya darasa moja moja na kumsimamisha mwalimu mbele ya wenzake, na mdogo wangu alikuwa amesimamishwa muhula mzima. Hakuwahi kumwambia mtu, alikuwa anaona ni uzembe wake. Usingizi unaanza kukata Jumanne usiku. Ikatoka yote pale kwenye kiti cha plastiki, na alama za yale maswali zikarudiwa upya, zikapanda. Nesi akalitaja kwa jina lake, sonona, akampangia kurudi kila baada ya wiki mbili.

Kwa hiyo mtu akiniambia hizi apu ni mambo ya wazungu, namwambia kilichomsaidia mdogo wangu ni kalenda na mama mwenye miwani ya uzi, na katika hao wawili usinichagulie mmoja. Pale Zimbabwe daktari wa magonjwa ya akili, Dk. Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 na bibi 14 huko Mbare, Harare, wanakaa na watu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, wanawasikiliza. Nao wanaanza na maswali, 14, yaliyotungwa kwa Kishona, likiwemo la mtu kuwaza sana, wao wanaita kufungisisa. Sisi tunasema fulani ana mawazo. Si lile lile? Mwaka 2016 utafiti wao ulitoka kwenye jarida la kitabibu la JAMA na waliokaa na wale bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na benchi likafika hadi Zanzibar. Maswali yapo, alama zipo, karatasi ipo, lakini upande wa pili wa benchi kuna mtu. Ile apu ya mdogo wangu upande wa pili haukuwa na mtu, ndiyo kosa lake, na kosa hilo linarekebishika hata leo bila kusubiri mtengenezaji.

Nyuso tano na majina ya Kiingereza pia ni shida. Mimi nilianza kutumia Daylio, apu nyingine ya hisia, baada ya hayo yote ili tuwe wote, nikakuta inakuja na majina kuanzia “rad” (safi sana) mpaka “awful” (vibaya kabisa), nikakaa nayo siku tatu najikuta nachagua uso wa katikati kila siku kwa sababu maneno yale hayagusi popote. Bahati nzuri unaweza kuyabadilisha. Tukakaa kwenye simu karibu saa nzima tunabishana, ya kwetu sasa yanasoma: nimechanua, niko sawa, nipo nipo tu, moyo mzito, nimezama. Tofauti ya “nipo nipo tu” na “moyo mzito” mimi naijua tumboni, sihitaji kufikiri. Kama unatumia yoyote ile fanya hivi leo, weka maneno ambayo ungemwambia mama yako.

Kuhusu siri, kuweni makini. Marekani mwaka 2023 tume yao ya biashara iliibana BetterHelp, kampuni ya ushauri nasaha kwa mtandao, ikakubali kulipa dola milioni 7.8, kwa madai kwamba ilipeleka taarifa za afya za wateja Facebook na Snapchat kwa ajili ya matangazo baada ya kuwaahidi zitabaki siri. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nzuri, lakini apu inayotaka namba yako, jina kamili na ruhusa ya kusoma majina uliyohifadhi kwenye simu ili tu ikuulize umeshindaje, iache. Na ofisi ikikuletea apu ya hisia ambayo bosi anaona majibu, jibu “niko sawa” ujilinde, halafu ukweli wako uandike nyumbani kwenye daftari. Daftari halili bando wala chaji na linafanya kazi ile ile. Mara moja kwa siku inatosha, nimeona mtu anajipima kila saa mpaka kujipima kwenyewe kukawa ugonjwa.

Sasa tumekubaliana hivi. Kila Jumapili usiku ananitumia skrinshoti ya wiki, na mimi namtumia yangu. Hakuna kushauriana, hakuna “jikaze”, hakuna aya wala mistari ya kutia moyo. Naangalia, napiga simu, nauliza kuhusu siku moja tu, ile iliyo chini kuliko zote, namwacha aongee. Kikao cha Jumatano bado kipo, ila sasa kuna mwalimu mwenzake anamsubiri mlangoni wanatoka pamoja, maana na yeye kumbe alikuwa anaumwa na kikao hicho hicho.

Jumapili iliyopita picha ilichelewa. Saa tatu kimya, saa nne kimya, nikapiga. Akapokea.

“Habari za huko mdogo wangu?”

“Nzuri dada.”

Nikanyamaza. Nilikuwa nasikia feni yake inazunguka, mbwa anabweka kwa mbali. Nikaendelea kunyamaza.

“Ila wiki hii nimezama,” akasema. “Unaweza kuja?”

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa Mbezi nasubiri gari la Kibaha.