Wifi, siumwi

Jumapili ya juzi tulikuwa Magu kupokea mahari ya mtoto wa shemeji. Shughuli ilikwenda vizuri. Ng'ombe walihesabiwa, wazee wakabishana kidogo ili isionekane binti ametolewa bure, kisha tukakaribishwa chakula. Nikaletewa sahani. Mnazijua sahani za shughuli: wali chini, pilau juu yake kana kwamba wali ungeona aibu kukaa peke yake, ndizi, nyama ya mchuzi, paja zima la kuku, na pembeni bonge la ugali kwa sababu sisi ni Wasukuma na bila ugali hujala. Nikamwomba binti aliyenihudumia, kwa sauti ya chini kabisa, anipunguzie nusu.

Hakupunguza. Alikwenda kumwita wifi yangu mkubwa.

Wifi akaja, akanitazama kuanzia mabegani hadi kiunoni, akanishika mkono na kunivuta pembeni, kule kwenye tangi la maji. "Wifi, niambie ukweli. Unaumwa?"

Jumatatu jioni binti yangu akapiga simu kutoka Dodoma. "Shikamoo mama. Shangazi amenipigia, anauliza kama umepima."

Basi leo naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Nina miaka 52. Miezi kumi na minne iliyopita nilikuwa na kilo 91, leo nina 82. Kilo tisa kwa miezi kumi na minne si ugonjwa, ni mwendo wa kinyonga. Zimetoka kwa baiskeli ya mtumba niliyoinunua laki mbili na nusu, na kwa sahani. Zaidi kwa sahani, lakini nitafika huko.

Kabla ya hapo nilikuwa na wimbo mmoja na wenzangu wote wa rika langu: umri. "Ukishavuka arobaini mwili unakataa." Ni sentensi tamu sana, unaweza kuila na chapati. Mimi nimeisema miaka kumi. Halafu mwanangu mwingine, yule anayependa kunikosoa kwa ushahidi, akanisomea utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kwenye jarida la Science, ukiongozwa na Herman Pontzer. Walipima watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia mtoto wa siku nane hadi mzee wa miaka 95. Walichokuta ni kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili, nguvu tunazochoma kwa siku hazibadiliki sana kuanzia miaka 20 hadi 60. Baada ya 60 ndipo zinaanza kushuka, na hata hapo kwa chini ya asilimia moja kwa mwaka.

Kwa hiyo jiko langu ni lile lile la nilipokuwa msichana. Sasa nani aliyeongeza kuni?

Nikakaa nikafikiri, na jibu nililopata halitawapendeza. Ni heshima.

Nikiwa na miaka 20, nyumbani Mabatini, hapa hapa Mwanza, nilikuwa mtu wa kutumwa. Maji, natumwa. Mkaa, natumwa. Kwa Mangi mara tatu jioni moja, kwa sababu mara ya kwanza mama amesahau chumvi, mara ya pili kiberiti, mara ya tatu chenji haikutimia. Na Mabatini mnapajua, nyumba zimekaa juu ya mawe kama mbuzi. Kila kutumwa ni kupanda na kushuka. Tukirudi, sinia moja watoto sita, ukizubaa unakuta mwenzako anafuta mchuzi kwa kidole. Samaki akiwepo, mnofu ni wa baba, sisi tunagombea mkia.

Sasa nitazameni. Hakuna anayenituma. Ofisini tuko ghorofa ya tatu, na nikitaka kushuka kufuata faili kijana ananiwahi: "Mama, usihangaike, nitakuletea." Kwenye daladala konda anafoka, "Mpisheni mama akae!" Sokoni anakwenda dada wa kazi. Msibani ndiko kabisa. Zamani ndiyo nilikuwa nachota maji, napepeta mchele, nalala jikoni na moshi. Siku hizi nakalishwa chini ya turubai, kazi yangu ni kulia kwa zamu na kuletewa chai. Saa nne chai na maandazi, saa nane wali na maharage, jioni ugali na nyama. Siku tatu za msiba natoka nimeongezeka kilo, na marehemu alikuwa mtu wa mbali.

Vikao navyo. Kikoba Jumatano, kamati ya harusi Ijumaa, jumuiya Jumamosi, kote huko ukifika unawekewa soda kabla hujakaa vizuri. Soda ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Mtu angenitilia vijiko tisa kwenye kikombe ningemuuliza kama ana akili timamu. Kwenye soda ananiambia "karibu mama," nami nasema asante.

Heshima ya kwetu ina kalori. Kila mwaka unaoongezeka unapunguziwa hatua na kuongezewa finyango, na ukikataa umemdharau mtu. Ndiyo maana nasema umri unanenepesha kweli, ila hauingilii mwilini, unaingilia kwenye kiti cha mbele. Wanaume msicheke. Ninyi mnapewa kiti, maini na bia kwa mpigo mmoja.

Na hapo ndipo nilipoielewa baiskeli. Si kwamba inachoma sana. Inachoma, kwa uzito wangu saa moja ya mwendo wa kawaida ni kama kalori mia tano hivi. Uzuri wake hasa ni kwamba juu ya baiskeli hakuna anayekuheshimu. Natoka Kiseke saa kumi na mbili asubuhi, nashuka hadi barabara ya Airport, naelekea Igombe. Konda ananipigia kelele, "Bibi, kaa pembeni utatuua!" Bibi! Aliyenipisha kiti jana huenda ni huyo huyo. Bodaboda wanapita na kioo chao karibu kwenye kiwiko changu. Njia ya baiskeli hakuna, vumbi lipo. Siku nyingine wale wadudu wa ziwa wanapanda kama moshi, nawameza bila kupenda. (Kuna watu huku ziwani wanawakusanya na kuwakanda kuwa vitumbua, kwa hiyo siwezi kulalamika sana.) Mlima ukifika, "shikamoo mama" haisukumi pedali. Ni mapaja yangu na Mungu wangu.

Asubuhi moja narudi kutoka Igombe, nimeshindwa mlima, nimeshuka nasukuma. Nyuma yangu anakuja babu mmoja, sabini amefika, na baiskeli nyeusi ya Phoenix iliyofungwa magunia mawili ya mkaa. Naye anasukuma. Mimi nasukuma baiskeli tupu yenye gia ishirini na moja, yeye magunia mawili. Akanipita.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, wala hakuhema.

Nilimtazama mgongo mpaka alipopotea. Miguu kama mizizi, tumbo hana. Nikakumbuka kwamba mtu kama yule hajawahi kuvutwa pembeni kwenye tangi la maji aulizwe kama anaumwa. Maskini ana ruhusa ya kukonda. Mimi mwenye mshahara na gari nikikonda, kuna jambo: ama nimefulia, ama nimeachwa, ama nimepima.

Hapa hasira yangu inapungua, kwa sababu najua wifi anatoka wapi. Yeye ana miaka 61. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo tu ya ziwa hili, na kule watu wakauita ugonjwa ule Juliana, kabla haujapata jina la serikali. Sisi tulioukulia ukanda huu tuliuona kwa macho. Ulianza mabegani, kisha mashavuni, kisha mkanda wa suruali ukaongezwa tundu kwa msumari. Wifi alimuuguza mdogo wake, alikuwa anambeba mwenyewe kumpeleka bafuni, mtu mzima, mwepesi kama mtoto. Mtu aliyebeba hivyo hawezi kukuona umepungua akakupongeza. Kwa rika lake unene ni cheti cha hospitali unachotembea nacho. Kwa hiyo simlaumu. Namlaumu kidogo kwa kumpigia binti yangu.

Sasa sahani, maana niliahidi. Miezi minne ya kwanza nilipanda baiskeli mara nne kwa wiki na nikaongezeka kilo moja. Niliona nimeonewa. Kumbe kila nikirudi nilikuwa nasimama Sabasaba kwa mama ntilie mmoja, najipongeza na chapati mbili na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari. Hapo tayari zile kalori mia tano zimerudi, na chenji juu. Nilikuwa nimejituma asubuhi kama mtoto wa Mabatini, kisha nakula kama mama wa turubai. Yule mama ntilie ananipenda, siku nilipomwambia leo chai kavu tu alinikazia macho kama wifi.

Nyumbani nilichukua chupa ya mafuta kutoka mikononi mwa dada. Alikuwa anamimina hadi mboga inaogelea, na kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni kalori 120. Siku hizi sato anachemshwa na nyanya na ndimu, dagaa wanakaangwa kwa mafuta ya kuhesabu, mlenda haujawahi kuhitaji mafuta tangu enzi za bibi. Ugali sijaacha. Anayemwambia Msukuma aache ugali, yeye ndiye aanze kuhama. Nimepunguza tu ukubwa wa bonge, na nakula samaki mwingi zaidi, mnofu kabisa, maana mkia nilishautumikia. Zile chai za kupunguza tumbo mnazouziana kwenye magrupu ya WhatsApp zinapunguza pochi na kukuweka chooni, basi.

Haya, umri una lake pia, nakubali kwa shingo upande. Misuli inapungua usipoitumikisha. Na sisi tuliokoma hedhi, mafuta yaliyokuwa yanakaa nyongani yanahamia tumboni bila kuaga. Kilo tisa zimetoka na tumbo limenyenyekea kidogo tu. Baiskeli yenyewe haisaidii sana mifupa, kwa kuwa kiti ndicho kinachobeba uzito wako. Kwa hiyo jioni nabeba ndoo mbili za lita kumi kutoka bombani hadi jikoni, safari sita, ingawa maji yapo ndani. Dada wa kazi ameshaacha kunipokea. Mwanzoni alikuwa anakimbia kuzinyakua, anaona aibu majirani watasemaje.

Jana wifi amepiga tena. Anakuja Jumamosi kunijulia hali, analeta kuku wa kienyeji wawili na samli ya Magu, "ili mwili urudi." Nikamwambia, "Karibu sana wifi, ila ukifika mapema hutanikuta, nitakuwa Igombe." Akanyamaza. Kisha akauliza nitakwenda na nani, na kama huko Igombe kuna mganga.