Ardhi ya kanisa Lubumbashi: karatasi kwanza, simiti baadaye

Mazungumzo ya kujenga nyumba za bei nafuu kwenye ardhi ya kanisa yakianza hapa Lubumbashi, wa kwanza kutafutwa huwa mfadhili. Nadhani hapo ndipo tunapopotea. Aanze kutafutwa konsevateri wa hati za ardhi, yaani afisa wa Serikali anayetunza na kuandikisha hati hizo.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa 1980, inasema udongo ni mali ya Serikali. Haki ya kudumu hupewa raia wa Kongo, mtu binafsi. Kanisa ni shirika, kwa hiyo hupata haki ya muda: isiyozidi miaka 25, kisha iombewe nyongeza. Parokia inaweza kuamini eneo lake ni urithi wa wamisionari wakati mkataba umekwisha, au hati bado ina jina la mwakilishi aliyefariki zamani. Ukijenga nyumba ishirini juu ya hati kama hiyo, umewajengea wanasheria.

Basi hati isomwe tarehe na jina. Jeometa wa kadastri, mpimaji wa ardhi wa Serikali, atafute borni zote, yaani mawe ya mipaka. Iliyong'olewa irudishwe majirani wakiwa wamesimama pale. Wenye vibanda pembezoni waandikwe na kusikilizwa mapema, maana wakishtukizwa kazi ikiwa imeanza, mwenye haki na asiye na haki wote wataenda mahakamani. Ndipo iombwe nyongeza, halafu kibali cha kujenga.

Komine, yaani serikali ya mtaa wa mji, haina pesa nyingi, lakini ina mamlaka: barabara zake, mifereji ya mvua. Mkoa una kitu kizito zaidi. Kwa Katiba ya 2006, kodi ya ardhi na kodi ya mapato ya kupangisha ni za mkoa. Bunge la mkoa lipunguze kodi hizo kwa nyumba hizi, kwa sharti lililoandikwa: pango analolipa mpangaji lisipite kiwango kilichokubaliwa, na garanti, yaani amana anayoweka akiingia, isizidi pango la miezi 3, kama sheria ya 31 Desemba 2015 inavyotaka. Sharti likivunjwa, punguzo hilo la kodi lifutwe.

Maji ndiyo yananitia wasiwasi kuliko yote. Kiwanja cha mita 15 kwa 20 hakitoshi kutenganisha kisima na choo cha shimo kwa mita 30, na choo cha jirani nacho kiko nyuma ya ukuta. Visima vya kila nyumba vikatazwe. Kichimbwe kisima kimoja kirefu upande wa juu wa eneo, kiwe na tangi na bomba za pamoja, na vyoo vikae upande wa chini. Hapa ndipo pesa ya umma iingie, kwa sababu mpangaji hawezi kulirekebisha kosa hili baadaye.

Nyumba ya mita 6 kwa 7, vyumba viwili na sebule, inakula bloki kama 1,250 za sentimita 15, mifuko 40 ya simiti kwa kuzifyatua tu, na manjanja (mabati ya paa) kama 28 ya mita 3. Kukiwa na kichuguu cha mchwa kwenye kiwanja, kisisawazishwe tu na kujengewa juu: udongo wake hukaa tofauti na ulio kando, na ukuta hupasuka mvua za kwanza. Kichimbwe mpaka kwenye udongo mgumu.

Faili za kuomba kibali cha kujenga ziingie ofisini Januari. Kibali kikitoka Mei, kiangazi chote ni cha msingi na kuta. Kikitoka Oktoba, mitaro itajaa maji, na ni heri kungoja mwaka unaofuata.