Fundi Analidai Duka

Hivi mnaijua raha ya kuwasha kompyuta asubuhi, chai haijafika, ukute wateja ndio wanaolidai duka? Duka la vifaa vya ujenzi, linalokopesha hadi vitasa, leo ndilo lenye madeni! Majina yanasoma hasi tu, mekundu. Basi nikavaa miwani, nikakaa kihasibu. Nina stashahada mimi.

Baba Juma kaandikwa mara mbili: Baba Juma, na Baba Juma Mbagala. Ankara iko kwa huyu, malipo yako kwa yule. Nikawaunganisha. Mama wa mabati katanguliza kianzio, mzigo haujatoka. Hasi yake halali, nikamwachia. Mwingine karudisha rangi keshalipa. Haki yake.

Nikamfikia fundi. Mifuko 20 ya saruji, 340,000, kalipa kwa lipa namba. Programu ikayapokea malipo yenyewe. Mpwa wa bosi, aliyeajiriwa kwa sifa ya kuwa mpwa wa bosi, akayaandika tena kwa mkono. Fundi akasoma -340,000. Na kwa bahati yangu hii mnayoijua, fundi mwenyewe alikuwa kasimama mgongoni kwangu, anachungulia.

"Mhasibu, hiyo nyekundu maana yake nini?"

Nikamjibu kwa utulivu wa msomi: maana yake unalidai duka, ila si kweli.

Akasikia nusu ya kwanza.

"Haya, nipe mifuko mingine ishirini."

"Fundi, umelipa mara moja. Toa simu tuone meseji."

"Haina chaji."

"Na hiyo inayoimba mfukoni?"

"Ya mke wangu. Mwezi jana nilipobisha deni, ulisema kompyuta haidanganyi. Ulisema, hukusema?"

Nilisema.

Watu wakaanza kuguna. Mama mmoja, kaja kununua misumari nusu kilo, akaingilia: "Mpe haki yake, mwanangu, dhuluma mbaya." Shikamoo mama, pokea misumari yako!

Hapo mpwa akaleta dawa. "Anko, si tumtengenezee ankara ya 340,000 isome sifuri?"

Isome sifuri! Saruji iko stoo, tunaikalia, halafu iandikwe imeuzwa? Tuwapelekee TRA kodi ya VAT kwa mauzo ya hewa? Kinachofutwa ni malipo ya pili, basi! Nikayafuta, pale pale. Fundi akatoka anawatangazia walio nje kwamba nimemfutia hela zake huku anaona.

Na kijana mwenyewe nikamtuma chapati mbili, akaleta moja na chenji ya tatu. Chapati gani sasa? Ukiiinua unamwona mteja upande wa pili. Nimeenda mwenyewe kumwuliza mama wa chapati, anasema mafuta yamepanda. Wiki iliyopita ilikuwa unga.