"Haijafunguliwa": sifa au deni?

Juzi shemeji yangu aliniita Katindo, hapa Goma, tukaangalie Land Cruiser: HZJ75 ya mwaka 1994, nyeupe, ile ndefu yenye viti vya kutazamana nyuma. Komisionere, yaani dalali, alikuwa ameliosha gari mpaka ndani ya boneti. Hata salamu hazijaisha, akalitoa neno ambalo kila mnunuzi wa Goma hungoja kulisikia: "Mukubwa, hii motere haijafunguliwa hata siku moja." Shemeji akatabasamu. Mimi nikaweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa ya moto, na saa mbili asubuhi ilikuwa haijagonga.

Neno hilo moja lina bei yake. Weka magari mawili ya mwaka mmoja, rangi moja, ya mazutu (dizeli) yote mawili. Mwenye la kwanza anasema haijafunguliwa. Wa pili anakiri kwamba kichwa cha injini, kile kipande cha juu chenye valvu, kilishushwa miaka miwili iliyopita. Huyo wa pili atapunguziwa bei kana kwamba gari lake lilipinduka njiani Mushaki. Mkweli ndiye anayelipa faini.

Hofu hiyo ina sababu. Nani hapa mjini hajui injini iliyofunguliwa chini ya mparachichi, juu ya mchanga mweusi wa volkano, upepo ukipuliza? Kichwa hakikupelekwa kusawazishwa, gasketi ilinunuliwa ile ya bei ya chini, bolti zikakazwa kwa nguvu za mkono na si kwa kipimo. Baada ya hapo gari linakunywa maji, na mwenyewe anatembea na vibidoni nyuma. Kiwandani injini hufungwa kwa vipimo na kwa mpangilio maalumu wa kukaza kila bolti, na ufundi huo si rahisi kuurudia barabarani. Kwa gari la miaka saba au minane, mimi mwenyewe ningelipa zaidi kwa ambayo haijaguswa. Hapo sina ubishi.

Lakini huyu mzee wa Katindo ana zaidi ya miaka 30.

Injini yake ni 1HZ, ile ya lita 4.2, silinda sita, isiyo na turbo (kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), ambayo Toyota walianza kuitoa mwaka 1990. Sifa zake mnazijua. Kinachosahaulika ni kwamba ndani yake kuna mkanda wa mpira unaoendesha valvu (vilango vya hewa na moshi), na mkanda huo una umri. Kwenye dashibodi kuna taa ndogo iliyoandikwa T-BELT, inayowaka gari likifika kilomita 100,000 kumkumbusha mwenyewe aubadilishe. Asipoubadilisha ukakatika njiani, valvu zinabaki zimesimama, pistoni zinapanda kuzigonga, na hapo ndipo injini "isiyofunguliwa" inafunguliwa kwa lazima, pengine njiani kule Sake, usiku, mvua ikinyesha.

Sasa tupige hesabu pamoja. Gari la Katindo lilionyesha kilomita 180,000 na kidogo. Kwa miaka 31 hiyo ni chini ya kilomita 6,000 kwa mwaka, kama kilomita 16 kwa siku. Kutoka hapa mjini, kilomita 16 hazikufikishi hata Sake. Gari la aina hii, ambalo watu hulinunua kwa ajili ya safari za mbali za Masisi na Walikale, liliishi maisha yake yote bila kufika Sake? Tuseme basi ni kweli, lilikuwa la padri mzee aliyependa kukaa nyumbani. Bado mkanda mmoja ulipaswa kubadilishwa. Na hata kama kilomita hazikutimia, mpira huzeeka kwa miaka pia, hukauka na kupasuka. Kwa hesabu yoyote utakayoichagua, ama injini imeguswa na komisionere anadanganya, ama haijaguswa na shemeji anauziwa deni la mtu mwingine. Nikauliza kuhusu taa. "Haiwaki, Mukubwa, unaona?" Naona. Taa hiyo huzimwa kwa dakika chache bila mkanda kuguswa.

Fundi atanisahihisha kwamba kubadilisha mkanda si kufungua injini. Kufungua ni kushusha kichwa. Sawa. Ila kichwa nacho kina habari yake. Goma tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupanda milima ya Masisi ikihema. Wengi huchoka wakaifunga turbo ya kuokoteza. Nguvu inakuja, joto nalo linakuja, na kichwa cha 1HZ kikichemka hupasuka katikati ya valvu. Kwa hiyo injini ambayo kichwa chake kilishushwa, kikapimwa, kikasawazishwa na kurudishwa na gasketi nzuri, kwangu ni injini yenye ushahidi. Ile nyingine ina maneno tu.

Na ushahidi upo kwa anayeutaka. Papa mmoja wa Himbi, anayeuza HZJ75 kuukuu kuliko ile ya Katindo, alituletea mfuko wa plastiki wenye mafuta mafuta. Ndani: mkanda wa zamani, gasketi iliyoungua ukingoni, na karatasi ya mahali kichwa kiliposawazishwa. Alitaja jina la fundi na mtaa wake. Shemeji aliutazama mfuko ule kama anayeonyeshwa cheti cha ugonjwa.

Shemeji huyohuyo, akilipwa dola, hukataa noti yenye mchaniko wa milimita mbili ukingoni. Huigeuza, huinyoosha, huiweka kwenye mwanga. Gari zima analiamini kwa neno tu.

Nadhani tatizo ni kwamba tunalitazama gari kuukuu kwa jicho la gari jipya. Chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha kubebea mizigo, hatuitendei hivyo. Ikibadilishwa gurudumu, kisha usukani, kisha ubao wa kukanyagia, hakuna anayeuliza kama bado ni ileile. Tunauliza ni nani aliyeichonga na kama itabeba magunia.

Kuna kitu kimoja tu ambacho sisamehe, nacho ni shasi. Injini inabadilishwa, springi zinabadilishwa kwa siku moja, lakini shasi iliyopasuliwa na mawe ya lava ikaungwa kwa kuchomelea ovyo, hiyo achana nayo. Lala chini utazame. Namba ya shasi imegongwa upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu. Ifute tope uilinganishe na karte roze, hati ya gari. Halafu soma herufi kwenye kibao: zilizo kabla ya J zinasema gari lilizaliwa na injini gani. BJ ni ya silinda nne. Ukikuta BJ yenye silinda sita, imebadilishwa moyo. Si dhambi, ila uambiwe. Anayeogopa mkanda kabisa atafute za kabla ya 1990 zenye injini ya 2H, ambazo valvu zake huendeshwa kwa gia.

Shemeji hakushawishika. Anasema ile ya Katindo ni safi. Nikamwomba kitu kimoja: injini ya mazutu iliyochoka hujificha ikiwa imepashwa moto, basi turudi alfajiri tuisikie ikiwaka baridi. Komisionere akakubali kwa moyo mweupe. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa getini. Nikaweka kiganja juu ya injini, nikamwita shemeji naye aweke chake. Ilikuwa ya moto tena.