Albamu ya Mama Mkwe, Khanga ya Mama Mkubwa

Kazi yangu ni kutengeneza albamu ndogo za picha kwa mkono. Nakata boksi, navisha kitambaa, nashona kurasa, natia vimifuko vya kuficha picha, lesi na kifungo, halafu mteja anaigeuzageuza na kuniuliza mbona elfu thelathini wakati Kariakoo zipo za elfu tano. Kwetu Tandika kazi hii haina jina. Majirani huniita dada wa maboksi, na watoto wao wakipata boksi la televisheni huniletea mlangoni wanipe kwa biskuti.

Aliyenitoa kwenye biskuti akaniingiza kwenye sherehe ni mama mkubwa. Binti yake alikuwa anaolewa, na sendofu ilipangwa Aprili, katikati ya masika, kwa sababu kumbi huwa na nafasi masika na kamati yetu ilikuwa inapenda punguzo. Akaniita jikoni kwake.

"Mwanangu, hawa wakwe hawamjui dada yako. Wamemkuta mkubwa, kope za bandia, kucha hizo. Nataka mama mkwe apewe kitabu cha picha zake toka mchanga, mbele ya watu, aone tumelea."

Wazo zuri. Nikamwomba picha. Akanitolea albamu ya miaka ya 1990, zile za kurasa zenye mistari ya gundi na nailoni juu yake. Wenye nazo wanajua. Gundi ile ikizeeka inakuwa ya njano na haiachii kitu. Ukivuta picha kwa kucha, inabaki nusu: uso wa mtoto ukurasani, miguu mkononi mwako. Dawa yake ni uzi. Unaupenyeza nyuma ya picha kwenye kona, unaushika huku na huku, unakwenda unakereza taratibu mpaka upande wa pili. Nilikereza mchana kutwa, mama mkubwa kasimama kichwani kwangu: "Hiyo ya Maulidi, taratibu. Hiyo ya Idi, taratibu. Hiyo ya baba yake, hata ikichanika."

Picha zenyewe nikazipeleka studio zikaskaniwa, nikasafisha nakala, nyingine nne kwa sita, nyingine ndogo. Za asili nikamrudishia. Picha ya asili haibandikwi gundi, hata ukiombwa na nani.

Kurasa nilifanya za mifuko ya kaki. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, kaki haikosekani dukani, na ni karatasi ya kazi: ukiukunja mfuko mmoja katikati unapata kurasa mbili, na mdomo wa mfuko unabaki kando ukiwa kimfuko tayari. Humo unachomeka kipande cha manila chenye picha, na utepe mdogo wa kukivutia. Watu wazima wakiona utepe wa kuvuta hawajizuii. Dada yangu akiwa anaoga kwenye beseni nilimweka humo, kwenye utepe mwekundu.

Mpaka hapo kila kitu kilikuwa sawa. Ndipo ikaja habari ya jalada.

Rangi za sherehe zilikuwa marun na dhahabu. Mama mkubwa akafungua kabati akatoa doti ya khanga, marun na manjano iliyokolea, haijakatwa wala kupindwa, ile khanga mpya inayonusa bado duka. Pindo zuri, mji umejaa maua makubwa. Nikaikunjua kitandani nikasoma jina lake: NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU.

"Mama mkubwa, umesoma hapa?"

"Nimesoma. Si imeandikwa dhahabu? Hiyo dhahabu ndiyo ninayoitaka, ikae mbele katikati. Nitakuwa nimewaambia wakwe, tunawapa dhahabu yetu."

"Na haya mengine?"

"Wewe ndiye fundi."

Sasa hebu nieleze, maana baadaye watu walisema mengi. Ningeweza kukata neno moja nikalibandika kama kiraka. Lakini khanga ni pamba. Ukiikata kipande kidogo inachanua nyuzi pande zote, na mimi kiraka kwenye zawadi ya ukweni sibandiki. Nikalaza boksi zangu tatu juu ya kitambaa, jalada la nyuma, mgongo, jalada la mbele, nikasogeza, nikapima, na nikaona maajabu. Herufi za khanga ile zilikuwa nyembamba. NILIKUDHANI iliangukia yote jalada la nyuma. DHAHABU ikakaa katikati ya jalada la mbele, sentimita hazijazidi wala kupungua. Na KUMBE ADHABU ikabaki ukingoni, kwenye kile kipande cha kitambaa kinachokunjwa kuingia ndani.

Kule nyuma nikashonea lesi pana. Kule ndani, kila jalada la albamu lina karatasi ya kufunika mikunjo: nusu inabandikwa kwenye jalada, nusu inalala juu ya ukurasa wa kwanza. Nikachagua karatasi ya zawadi, ya kung'aa, yenye vinyota vya dhahabu. Adhabu ikazikwa chini yake. Nilijiona nina akili kuliko kamati nzima.

Kuhusu gundi, lawama zote ziende kwa fundi seremala wa jirani. Gundi nyeupe ya mbao ndiyo gundi ya kazi hii. Inakauka bila rangi na hailiwi na mende kama gundi ya uji wa ngano. Yangu ilikuwa imeisha, naye akanimiminia kikombe. Sijui aliichakachua kwa maji au vipi, ila ilitiririka, na gundi ya mbao ya haki haitiririki. Ukiitia maji inachukua muda mrefu zaidi kukauka, maana yale maji lazima yatoke yaende mahali. Na hapa yangetokea wapi? Juu karatasi ya zawadi yenye ngozi ya plastiki, nje masika, kuta zenyewe zinatoka jasho. Lakini hayo nimeyapanga baadaye, usiku, nikiwa sina usingizi. Siku ile nilipapasa kwa kitambaa, nikaona imetulia, nikasema tayari.

Mama mkubwa naye hakuacha kuleta picha. Mgongo wa albamu unapimwa kwa unene wa picha zitakazoingia, na kati ya kurasa unaweka vipande vya kadi vya kuutanua, ili ndani na nje viwe sawa. Nilishapima, nilishakata, nilishashona. Naye kila asubuhi: "Nimepata hii ya kipaimara ya rafiki yake, na yeye yupo pembeni." Nikabandika. "Na hii ya mahafali." Nikabandika. Mwisho albamu ikagoma kufungika, ikakaa imeachama, mdomo wa mamba kabisa.

Kitu kikiachama unakigandamiza. Nilitafuta uzito nyumbani kwa mama mkubwa nikaona hakuna unaozidi mtungi wa gesi wa kilo 15. Tukaifunga albamu kwenye taulo, tukailaza sakafuni jikoni, tukaweka ubao, tukaweka mtungi juu. Haukutolewa kwenye jiko, na hilo ndilo nililoambiwa baadaye kuwa ni kosa, ingawa hakuna aliyelisema wakati ule. Ni wiki ya sherehe, nyumba imejaa wageni kutoka Korogwe na Pangani, jiko halizimwi. Maharage asubuhi, pilau mchana, maji ya kuoga ya bibi jioni. Kadiri walivyopika, ndivyo mtungi ulivyokuwa mwepesi na ndivyo mvuke ulivyozidi. Siku ya sendofu nilipoinua ubao, jikoni palikuwa na joto la kuangulia mayai. Albamu ilikuwa imefungika, ila imelainika kidogo, na juu ya jalada la mbele, kuzunguka neno DHAHABU, duara limejichora sawasawa na kitako cha mtungi.

"Umeweka na pete!" mama mkubwa akafurahi. "Sikujua kama utaweka pete."

Sikumjibu. Nikafunga utepe wa satini, tukaenda ukumbini.

Emsii wa siku hiyo alikuwa wa aina ile akiona maandishi lazima ayasome. Alishasoma bango la kamati, alishasoma fulana ya mpiga video, alishasoma kibao cha mlango wa dharura. Zawadi zikapangwa: jokofu, godoro, seti ya sufuria, halafu muziki ukapunguzwa. "Na sasa zawadi maalumu, ya mikono, kutoka kwa familia kwenda kwa mama mkwe!"

Mama mkwe akasimama. Mama wa makamo, mtu wa Tanga, mtandio umekaa, hana haraka. Aliipokea albamu kwa mikono miwili akaigeuza kwenye mwanga wasomaji wa aina ya emsii waone vizuri.

"Imeandikwa DHAHABU!" emsii akapaza. "Wangapi wanakubali bi harusi wetu ni dhahabu?"

Vigelegele. Mama mkubwa akanishika goti chini ya meza kwa mapenzi.

Mama mkwe akafungua utepe. Albamu, iliyokuwa imeshikiliwa na huo utepe tu, ikachomoka kwa nguvu zake zote, jalada likaenda upande wake na kurasa upande wake. Nilikuwa meza ya pili, nikasikia. Haikuchanika. Hapo pangekuwa na heshima kidogo. Karatasi ya zawadi iliachia tu, polepole, safi, ikabaki imelala juu ya ukurasa wa kwanza na vinyota vyake, na upande wa jalada ukabaki kitambaa kibichi kinang'aa gundi, herufi zimenyooka, zinasomeka kutoka kushoto kwenda kulia, maana ukingo wa khanga ukiukunja kuingia ndani maandishi hayapinduki. Nilikuwa sijawahi kuliwaza hilo.

Emsii akainama begani kwa mama mkwe. "Na ndani imeandikwa, KUMBE..."

Nilimwona alipolifikia neno la pili. Nilimwona anataka kusimama. Lakini mdomo wa emsii ukishaanza una mwendo wake.

"...adhabu."

Dijei alikuwa ameagizwa aweke kigelegele cha mashine kila emsii anapomaliza sentensi. Akaweka.

Kilipoisha, ukumbi ukawa hauna hata kijiko kinachogonga sahani. Baba mkubwa akauliza kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Nani kaandika?" Shemeji akamtazama dada, dada akatazama maua yake. Mama mkubwa akaondoa mkono gotini kwangu, akamgeukia jirani yake wa kushoto, mama nisiyemjua, akamwambia, "Hawa watoto wa siku hizi."

Mama mkwe hakusema kitu. Alitoa miwani kwenye mkoba, akaivaa. Akaigeuza albamu nyuma. Akapitisha kidole juu ya lesi yangu, akasimama palipovimba, akaingiza ukucha akainua. Akasoma kimoyomoyo, midomo inacheza: NILIKUDHANI. Kisha akarudi mbele, DHAHABU. Akafungua tena ndani. Mtu aliyekulia Tanga huwezi kumficha khanga kwa lesi.

Akanyoosha mkono, emsii akampa kipaza sauti kana kwamba kinamuunguza.

"Hii khanga ninayo," akasema. "Alininunulia marehemu mume wangu. Tena mwaka wa kwanza."

Alianza kucheka yeye, kicheko cha chinichini, mabega tu. Halafu meza ya mashangazi wa Tanga ikalipuka, mmoja akalala juu ya mwenzake. Halafu ukumbi wote. Emsii, kwa kuwa alikuwa amenusurika, alicheka kuliko wote. Mama mkwe akakaa chini na albamu yake, akaanza kuvuta tepe moja baada ya nyingine, na wa kwanza kutoka alikuwa dada ndani ya beseni, bila nguo, mkononi ana kata. Hapo mashangazi walihama viti vyao kabisa. Keki ilikatwa na watu wachache sana.

Wiki iliyofuata nilimfuata mama mkwe kwake nikajieleza. Nilimweleza habari ya fundi seremala, ya masika, ya mvuke wa pilau. Nikamwomba niichukue albamu nikaibandike upya kwa gundi ya haki. Akakataa. Alisema ameiweka sebuleni, na kila mgeni anayekuja humwambia aifungue mwenyewe.

Kisha akaingia ndani akatoka na khanga nyingine. Ana mtoto wa kiume wa pili, bado hajapata mchumba, lakini yeye anajiandaa mapema. Anataka albamu ya huyo, safari hii itoke kwao kwenda kwa wakwe wowote watakaopatikana. Nikaikunjua. MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA.

"Na usikate," akasema. "Jina lote likae mbele. Nisikute neno limefichwa popote."

Nikatoa rula nikapima. Nikamweleza kwa adabu kwamba jina lote likikaa mbele, albamu itakuwa na upana wa meza ya kahawa, na mtu akiifungua kwenye daladala atawafunika abiria wawili wa pembeni.

"Basi ongeza boksi," mama mkwe akasema, akaniletea chai.

Gundi nimenunua mwenyewe, kopo zima. Uzito wa kugandamizia bado natafuta, maana mama mkubwa mtungi wake ameufungia mnyororo.