Namba ya mpwa wangu imenifunga kwenye sinki la vyombo

Kosa langu ni mdomo. Kuna mchezo mmoja wa namba naupenda sana, unachukua namba yoyote, unaigeuza nyuma mbele, unajumlisha zote mbili, halafu jibu nalo unaligeuza, unajumlisha tena, unaenda hivyo hivyo mpaka utue kwenye palindromu, yaani namba inayosomeka sawa ukianzia kushoto au kulia. Mfano 57, jumlisha 75 unapata 132, jumlisha 231 unapata 363. Umemaliza. Nyingi ziko hivyo, mteremko. Ile korofi ni 89, hiyo inakupeleka hatua 24 mpaka 8813200023188, na mimi niliwahi kuimaliza kwa mkono, usiku mbili, sasa toka siku hiyo nikajiona mtaalamu.

Basi tumekaa sebuleni kwa dada, nikamwambia mpwa wangu wa miaka 12, taja namba yoyote ile duniani naigeuza palindromu sasa hivi, na nikishindwa naosha vyombo kila jioni mpaka ikubali. Hayo maneno ya mwisho sijui yalitokea wapi. Dada akaitikia akiwa jikoni, "Nimesikia!"

Mtoto akafikiri kidogo akasema 196. Kwa nini 196? Eti ni 14 mara 14, aliikosa kwenye mtihani na bado ana hasira nayo.

Nikacheka. 196 na 691, 887. Na 788, tunapata 1675. Geuza, 5761, jumlisha... 6336! Nikapiga meza, nikasimama, nikaanza na kucheza kabisa. Mpwa kavuta karatasi taratibu, kalamu ikasimama kwenye 7 na 6.

"Anko, 13 hapa, ile moja ya mkononi umeiacha wapi?"

Nilikuwa nimeiacha. Na si moja, mbili, maana safu inayofuata nayo ni 13 na nayo niliitupa. Jibu halisi ni 7436. Na ujinga wenyewe ndio huo, kwenye mchezo huu ukisahau kubeba unapata palindromu kila mara, bure kabisa, maana ukijumlisha namba na kivuli chake bila kubeba pande mbili lazima zilingane, kinachoharibu kila kitu ni hiyo moja ya mkononi. Kwa hiyo nilishinda kwa kutojua kujumlisha.

Nikaendelea. 13783, 52514, 94039, jasho. Hatua ya 14 nikapata 227574622, aisee hebu iangalie usiku ukiwa na usingizi, 22 mwanzo, 22 mwisho, katikati pale imejaa 7 na 5, niliapa ni yenyewe nikaanza kuita watu. Mpwa hakuinuka hata kwenye kochi, akasema 7 na 6, anko, 7 na 6.

Nikahamia kwenye simu, baada ya muda kikokotoo kikaanza kuniandikia herufi E badala ya tarakimu, nacho kimechoka. Nikarudi kwenye karatasi. Hatua ya 24 ikapita hivi hivi.

Jioni ya tatu, mikono ina povu, nikasema hebu niingie mtandaoni nijue hii kitu imebakiza hatua ngapi. Nikasoma nikakaa chini. Mwaka 1987 mtunga programu mmoja, John Walker, aliiweka 196 hiyo hiyo kwenye kompyuta ikahesabu karibu miaka 3, hatua 2,415,836, mpaka namba ikafika tarakimu milioni 1, palindromu hakuna. Waliokuja baada yake wakaenda mbali zaidi, hakuna. Na chini ya 196 zote zinakubali, yeye ndiye wa kwanza kugoma! Yaani huyu mtoto angesema tu 195 ningemaliza kwa hatua 4, angesema 197 hatua 7, ila akapiga katikati kabisa, tena kwa ajili ya mtihani aliofeli.

Nikamwita kwa heshima zote, nikamsomea kila kitu, nikamwambia mwanangu umeona, namba yako haiwezekani, kwa hiyo dau limekufa.

Akaniuliza, "Wamethibitisha kwamba haiwezekani?"

Nikarudi kwenye simu. Nikasoma tena polepole nikitafuta pa kutokea. Hapana, hakuna aliyewahi kuthibitisha, wanashuku tu.

"Basi inaweza kukubali," akasema, akaniwekea sufuria lake juu ya mengine.