Sikulipua bomu msibani, ilikuwa ekzosi

Kabla hamjaniuliza: hapana, sikukamatwa. Na hakuna aliyezimia. Shangazi mmoja alikaa chini, basi, na alikuwa amechoka tangu asubuhi. Ile voisi inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, eti "jamaa kalipua bomu msibani Magomeni", imetoka kwa rafiki yangu ambaye simtaji, anajijua. Siku hiyo alikuwa amekaa pembeni yangu kwenye gari, tena ndiye mshauri mkuu. Hapo kwenye voisi kaparuka.

Pikapu yangu mnaijua. Hilux ya kizamani, injini 22R ya petroli, silinda 4, cc 2,366, kabureta. Ndiyo inayobeba viti na maturubai, ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba. Manifodi yake, lile pande la chuma linalokusanya moshi wa injini, ilipasuka, na badala ya kutafuta nyingine kama mtu mwenye akili zake, nikanunua heda za mtumba. Kila silinda na bomba lake, manne yanaungana yanakuwa mawili, mawili yanakuwa moja. Zikiwa mezani kwa fundi zilipendeza kama pweza wa Feri.

Sasa, nyuma ya heda unafunga nini? Fundi wa mtaa wa Gerezani akasema bomba la inchi 2 na mafla, lile kopo la kupunguza kelele. Akanielewesha taratibu: moshi ukitoka mbio unamvuta mwenzake aliye nyuma. Ukiweka bomba pana mno kwenye injini ndogo, moshi unazembea njiani, gari linakosa nguvu kwenye mwendo mdogo, na wewe unabeba mzigo. Nikawa natikisa kichwa kama nimeelewa. Rafiki yangu akadakia: "Kaka, inchi 2 si bomba la sinki hilo?"

Nikaagiza inchi 3. Bila mafla. Mdomo utokee ubavuni kushoto, mbele ya tairi la nyuma, "ili walio kando ya barabara nao wafaidi." Hayo ni maneno yangu mwenyewe. Usiku yananirudia.

Fundi akaguna, akachomelea. Gasketi ya kuzibia pale heda inapokutana na bomba hakuwa na saizi yake, akakata ya kubahatisha, akaniambia nirudi Jumatatu tukaze nati. Hiyo ni Jumamosi. Hata sijamaliza kumlipa, simu inaita: viti 150, msibani, Magomeni, haraka.

Viti vikapakiwa, tukatoka. Mpaka Faya nilikuwa mfalme. Kufika Jangwani nikaanza kusikia kitu: kila nikiachia mafuta, pa! Ile gasketi ilikuwa inavuja. Ukiachia mafuta, bomba linafyonza hewa ya nje, hewa inakutana na petroli ambayo haijaungua, na mle ndani ni moto mtupu. Hayo nimekuja kuelezwa baadaye. Wakati ule nilichoona ni bodaboda wananipisha, nikadhani ni heshima.

Hapa ndipo voisi inapodanganya, kwa hiyo naenda polepole.

Mtaa ni mwembamba. Wanaume wamekaa mikekani pembezoni mwa njia, upande wa kushoto (upande wa kufaidi). Shehe yuko kwenye dua, mikono ya watu iko juu. Nimebakiza kama mita 40. Nikikanyaga mafuta, gari linanguruma. Nikiachia, linapiga. Yaani kadiri ninavyotaka kupita kwa adabu ndivyo linavyozidi kunivunjia adabu.

Nikaachia kidogo. Pa. Mikono kadhaa ikashuka. Pa-pa. Shehe akafumbua jicho moja, akalifumba, akaendelea. Kuna mtu akaitikia "amin" mahali pasipo pake.

Ndipo akili ikanijia. Mtaa una kamteremko. Si nizime gari liserereke lenyewe? Nikazima ufunguo.

Kimya. Jamani, kimya kitamu kile. Nikasikia hadi mwiko ukigonga sufuria huko uani kwa akina mama. Rafiki yangu akaninyooshea dole gumba.

Nilichosahau ni kwamba gia ya pili ilikuwa imeingia. Matairi yanazungusha injini, injini inavuta petroli kwenye kabureta, cheche hakuna, kwa hiyo petroli yote inakwenda kujipanga ndani ya bomba langu la inchi 3. Inasubiri. Gari likazidi kupunguza mwendo, nikaona litanisimamia mbele ya shehe kabisa. Nikarudisha ufunguo.

Wadau, ile haikuwa pa.

Moto wa rangi ya chungwa ulitoka ubavuni. Rafiki yangu anasema mita nzima, mimi nasema nusu. Vumbi likainuka, ncha ya mkeka ikainuka, na ndala zilizopangwa pembeni ya mkeka zikaruka. Ndala moja ya bluu ilikwenda juu, ikapinduka mara mbili, nikawa naifuata kwa macho kama mpira wa penalti mpaka ilipotua juu ya hela za rambirambi. Mzee wa daftari alikuwa chini ya meza, kalamu bado iko mkononi. Vijana wawili walikuwa wameshakata kona. Shehe peke yake hakutikisika, mikono yake bado iko juu, ila neno limemkatikia katikati.

Gari limezima. Watu wote wananitazama. Nikatoa kichwa dirishani, na neno pekee lililonijia ni, "Shikamooni."

Chini ya meza ikatoka sauti: "Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?"

"Viti, baba."

Nyie mnaocheka, nawaona. Yaliyobaki ni mafupi. Gari tulilisukuma, viti tukashusha, nikaomba radhi mkeka mzima, hela sikuchukua. Jumatatu fundi kanifungia inchi 2, mafla, gasketi ya dukani, mdomo chini ya bampa la nyuma. Hakuniambia lolote. Alikuwa akitabasamu tu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko bei.

Jana nimepigiwa na yule yule mzee wa daftari. Arobaini ikifika watachukua viti kwangu, 200 safari hii. Nimeshaanza kumshukuru, akanikatisha.

"Ila mwanangu, vije na guta."